Protini "fungaji" au protini "shikizi"?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Kigoma. Nikiwafafanulia wanafunzi kwa Kiswahili jinsi kiinitete kinavyoanza kukua, hutaja "RNA mjumbe", yaani nakala ya maagizo ya jeni ambayo seli huisoma ili kutengeneza protini. Juzi mwanafunzi kaniuliza: RNA mjumbe anasomwa au inasomwa? Na zile protini zinazoishika RNA hiyo na kuiongoza, nimekuwa nikiziita "protini fungaji". Ni sawa?

JIBU: Mwalimu, la kwanza ni jepesi: inasomwa. Neno linalotawala ni RNA. "Mjumbe" limekaa pembeni kulieleza tu. Ndivyo tusemavyo "shule mama ina madarasa manane", wala hakuna asemaye "ana". Tena umefanya vyema kusema kiinitete, maana wengi hurukia kijusi, ambacho kwa binadamu huja baada ya wiki ya 8.

La pili ndilo lililonikalisha. Kufunga kuna mambo mengi: mlango, mzigo, ndoa, Ramadhani. Ukimwambia kijana "fungaji", atamfikiria mfungaji wa mabao. Lakini ubaya mkubwa uko kwingine: kilichofungwa hakisomeki, na protini hizi si kila mara huzuia RNA isisomwe.

Chukua yai la chura wa Afrika, Xenopus laevis. Mama huliwekea yai RNA nyingi mapema, kwa sababu mwanzoni kiinitete huishi kwa akiba hiyo. (Kwa binadamu, jeni za kiinitete chenyewe huanza kazi kwa nguvu kinapofikia seli 4 hadi 8.) Protini iitwayo CPEB huishika RNA mjumbe ikiwa na mkia mfupi (mkia ni mnyororo wa herufi A mwishoni mwa RNA), isisomwe. Homoni ya projesteroni ikifika, CPEB hupachikwa fosfeti, kikundi kidogo cha kemikali kinachobadili kazi yake. Haibanduki, inabaki palepale, lakini sasa mkia unarefushwa na ribosomu, yaani mitambo ya seli ya kutengeneza protini, zinaanza kusoma. Protini ileile, mshiko uleule, kazi mbili zinazopingana. Hapo "kufunga" kunampotosha mwanafunzi kabisa.

Kwa nzi wa matunda, protini Staufen huishikilia RNA ya jeni ya bicoid kwenye ncha ya mbele ya yai, na ncha hiyo ndiyo itakayotoa kichwa. Hapo hakuna kilichofungwa. Kuna kilichowekwa mahali pake.

Kwa hiyo mimi nachagua kushika na watoto wake. Kushikilia ni kushika bila kuachia. Kushikiza ni kushika kwa muda, kazi ikiwa bado inaendelea: fundi cherehani wa Ujiji akichomeka pini mbili tatu kwenye kitenge kabla ya kushona, anakishikiza. Na umbo "shikizi" wanafunzi wako wanalijua tangu utotoni, kwani shule shikizi ni ile ndogo ya wadogo walio mbali, iliyoegemezwa kwa shule mama. Limejengwa kama "tegemezi" katika sarufi. Basi ziite "protini shikizi za RNA", na kitenzi chake kiwe "kujishikiza kwenye".

Ubaoni waweza kuandika hivi: "Protini shikizi hujishikiza kwenye RNA mjumbe, nyingine huishikilia isisomwe hadi wakati wake, nyingine huiweka upande wa yai inakotakiwa."