Vipimo vya bei chee vya maji ya tangi la samaki
Ndugu umeuliza kama vile vikaratasi vya kuchovya vya kupimia maji ya tangi vinaaminika, mi naona vinakuonyesha mwelekeo tu sio namba kamili, na soma boksi vizuri maana vingi havipimi kabisa amonia (sumu inayotoka kwenye kinyesi cha samaki na chakula kilichooza) na amonia ndo inaua samaki kwenye tangi jipya! Ukiweza jichange ununue seti ya matone, ile unadondosha dawa kwenye tyubu yenye maji ya tangi alafu unasoma rangi, bei imesimama kidogo ila utapimia mara nyingi sana. Sasa kwenye hiyo seti, kipimo cha nitrati (uchafu unaobaki mwishoni amonia ikishavunjwa), chupa ya pili ya dawa itikise kwelikweli nusu dakika nzima, alafu tyubu nayo dakika moja, kwasababu dawa inatuama chini na usipotikisa inakusomea njano safi kumbe maji yameshachafuka, mimi ilinipoteza wiki nzima naona rangi nzuri huku samaki wanahema juu juu. Rangi isome mchana karibu na dirisha, sio kwa taa ya tangi. Amonia au nitriti (sumu nyingine inayotokana na amonia, sio ile nitrati) ikipanda juu ya 0 hata kidogo badilisha maji siku hiyohiyo, hapo huhitaji usahihi wa maabara. Na kopo la vikaratasi ukishachukua kimoja funga hapohapo, unyevu wa huku pwani unaviharibu haraka sana.