Utafiti wa uraibu na usawa wa rangi: anza na bajeti, dodoso litafuata

Msomaji anayesoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii huko Columbus, Ohio, ameniandikia wiki hii. Tasnifu yake inauliza kwa nini Wamarekani Weusi wanakufa zaidi kwa kuzidisha dozi ya dawa za kulevya, na anauita utafiti wake shirikishi, yaani unaofanywa pamoja na jamii inayohusika. Dodoso tayari, kamati ya maadili imeshapitisha. Sasa anatafuta njia ya kuwapata Weusi 200 wa kulijaza. Ndugu yangu, hao ulipaswa kukaa nao kabla hujaandika swali hata moja. Nakujibu hadharani kwa sababu hata watafiti wazoefu wanafanya hivyo hivyo, na inaniuma.

Kati ya 2019 na 2020 kiwango cha vifo vya kuzidisha dozi katika majimbo 25 ya Marekani na Washington DC kilipanda kwa 44% miongoni mwa Weusi, 39% kwa wenyeji asilia, na 22% kwa Wazungu. Fentanili, dawa kali ya jamii ya afyuni, ilifika kote. Tiba haikufika kote. Buprenofini, dawa ya kutibu uraibu wa afyuni iliyoidhinishwa 2002, ilienea kupitia ofisi za madaktari, ambako waliofika wengi walikuwa Wazungu wenye bima au fedha mkononi. Methadoni, dawa nyingine ya uraibu huo, ikabaki kwenye kliniki maalumu, nyingi zikiwa mitaa ya Weusi na Walatino, ambako mtu anapanga foleni alfajiri karibu kila siku ili anywe dozi yake mbele ya muuguzi. Aliyesimama kwenye foleni hiyo miaka kumi ana maswali ambayo wewe hujayawaza. Anakumbuka pia sheria ya 1986, iliyoweka kifungo cha lazima cha miaka 5 kwa gramu 5 za kreki, yaani kokeini ya vipande inayovutwa, wakati kwa kokeini ya unga zilihitajika gramu 500. Mwaka 2010 pengo lilipunguzwa, halikufutwa. Ukimwendea na fomu za chuo, anaona serikali imerudi.

Kwa hiyo anza na fedha. Unda bodi ya ushauri ya watu 8 hadi 12, angalau nusu yao wawe wamepitia uraibu, na wasiwe wote wale walioacha. Waweke na wanaotumia hadi leo. Ukibaki na mchungaji na mkurugenzi wa shirika, utasikia yale yanayosemeka mbele za watu tu. Walipe kwa saa, kiwango kile kile unachomlipa mshauri wa kitaalamu. Hapa ndipo mambo huharibikia: ofisi ya fedha ya chuo inadai nambari ya hifadhi ya jamii na akaunti ya benki, kisha malipo yanakawia wiki kadhaa. Mtu aliyetoka gerezani juzi hatasubiri, na hana sababu ya kukuamini tena. Uliza mapema kama kadi za malipo zinaruhusiwa. Mwambie pia kila mjumbe, kabla hajapokea senti, kwamba malipo yanaweza kuhesabiwa kuwa kipato na kumpunguzia msaada wa serikali.

Njia iliyo bora ni kulipa shirika la mtaa mkataba wake, nalo liwalipe watu wake. Usilinyime gharama za uendeshaji. Tangu Oktoba 2024 kanuni za ruzuku za serikali kuu zinaruhusu shirika ambalo halijakubaliana na serikali kiwango cha gharama hizo kudai hadi 15% juu ya gharama za moja kwa moja za mradi. Zamani ilikuwa 10%. Vyuo vikubwa vingi vinadai zaidi ya 50%, basi usione haya kuandika hiyo 15%. Omba shirika lipewe fedha mapema, maana shirika la wafanyakazi wanne haliwezi kulipa mishahara huku likisubiri chuo kiirejeshe.

Jambo la pili ni muda. HEALing Communities Study, utafiti mkubwa wa kupunguza vifo vya kuzidisha dozi kwa kushirikisha jamii, ilifanyika katika jamii 67 za Kentucky, Massachusetts, New York na Ohio yako hiyo. Jamii zilizopewa mpango zilichagua mikakati 806 na kutekeleza 615, lakini mwaka wa kuzilinganisha na jamii nyingine ulipoanza, Julai 2021, ni 38% tu ya hiyo 615 iliyokuwa imeanza kutekelezwa. Matokeo yaliyotoka 2024 hayakuonyesha tofauti ya vifo iliyo dhahiri kitakwimu: 47.2 kwa kila watu 100,000 penye mpango, dhidi ya 51.7 pasipo mpango. Wapo waliosema ushirikishwaji umeshindwa. Mimi naona saa ilianza kuhesabiwa kabla kazi haijaanza. Tasnifu yako haina miaka minne, kwa hiyo punguza ukubwa wa swali, usipunguze muda wa kukaa na watu.

Kipimo cha matokeo nacho kichaguliwe na bodi. Vifo ni vichache mno kwa kaunti moja: mfumo wa takwimu wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, huficha idadi iliyo chini ya 10, na kiwango kinachotokana na vifo chini ya 20 huwekewa alama kuwa si cha kutegemewa. Unganisha miaka 3 au 5, na usiwamwage watu kwenye kapu la "wengineo". Tenganisha umri pia. Mwaka 2020 wanaume Weusi wa miaka 65 na zaidi walikufa kwa kiwango kinachokaribia mara 7 ya wanaume Wazungu wa rika lao, jambo lisiloonekana ukitazama wastani wa rangi peke yake.

Kipimo ninachokipenda ni dozi za kupeleka nyumbani. Kanuni za 2024 zinaruhusu methadoni ya hadi siku 7 ndani ya wiki mbili za kwanza, siku 14 kuanzia siku ya 15, na siku 28 kuanzia siku ya 31. Kliniki inaweza kubana zaidi ya hapo. Hesabu nani, kwa rangi, amepewa siku ngapi baada ya mwezi mmoja. Namba hiyo kliniki inaweza kuibadilisha Jumatatu ijayo.

Kuhusu usiri: utafiti unaofadhiliwa na NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, hupata cheti cha usiri moja kwa moja tangu 2017; usiofadhiliwa, kiombe. Kinazuia mahakama kukulazimisha kutoa majina. Hakizuii taarifa ambazo sheria ya jimbo inalazimisha, kama za watoto wanaodhulumiwa. Mama anayeogopa kunyang'anywa mtoto alisome hilo kwenye fomu ya ridhaa kwa maneno mepesi kabla hajafungua mdomo.

Na kwa kuwa unatusoma kwa Kiswahili: Mkongo aliyetoka kambi ya wakimbizi, Msomali na mjukuu wa mkulima wa Alabama wote wanaandikwa "Weusi". Ongeza maswali mawili, nchi uliyozaliwa na lugha ya nyumbani. Ukiwapata Wakongo watano tu usichapishe jedwali lao, kwani mtaani watajulikana. Isimulie bodi matokeo yao ana kwa ana.