Hajafunga goli, lakini anakua?

Dada, umeuliza kama binti yako wa miaka 13 anapiga hatua kwenye hoki ilhali muhula mzima hajafunga. Anacheza namba gani? Kama ni beki, usijisumbue: goli halihesabiwi mpaka mshambuliaji auguse mpira ndani ya D, ile nusu duara iliyo mbele ya goli, na beki huko huenda kwa nadra, labda kwenye penalti kona, yaani pigo la adhabu linaloanzia mstari wa goli la wapinzani.

Mechi ijayo sahau matokeo. Mkazie macho yeye tu kwa robo moja ya mchezo, hasa asipokuwa na mpira. Anageuza shingo kutazama nyuma kabla pasi haijamfikia? Ikimfikia, mpira unatulia kwenye gongo au unadunda mita mbili mpinzani akauchukua? Wangu alikuwa hivyo. Tukawa tunasukuma mpira ukutani kila jioni, mpaka jirani akaja kulalamika (na alikuwa na haki).

Halafu angalia akipokonywa: anakimbia kurudi kukaba, au anasimama mikono kiunoni? Mimi hapo ndipo hupima zaidi. Kocha naye muulize jambo moja tu analomfundisha mwezi huu, ndilo ulifuatilie.