Pokémon Walivyonisaidia Kufundisha Reptilia na Amfibia

Ikiwa mwanao hashiki tofauti ya reptilia na amfibia, lakini majina ya Pokémon, vile viumbe vya mchezo wa video, yanamtiririka mdomoni, usimnyang'anye simu. Mpwa wangu hapa Kampala nilimfundishia humohumo.

Anza na Poliwag. Mchezo ulitoka Japani mwaka 1996, na nadhani aliyemchora kiumbe huyu aliwahi kumchunguza kiluwiluwi vizuri. Ana mkia na miguu miwili, mikono hana. Viluwiluwi wa kweli nao hutanguliza miguu ya nyuma. Ule mviringo tumboni si pambo, ni matumbo: viluwiluwi wengi wana ngozi nyembamba inayoonyesha utumbo uliojikunja ndani. Akishakuwa Poliwhirl, mkia umekwisha na mikono imeota. Mvua ikinyesha, mpeleke mtoto kwenye dimbwi lililo karibu ayaone hayo kwa macho yake. Mwambie pia kwamba mchezo unaita mabadiliko hayo mageuzi, ila kwa mwalimu wa Biolojia hiyo ni metamofosisi. Mageuzi huchukua vizazi na vizazi, hayampati kiumbe mmoja kwa siku moja.

Anayevuruga watoto kuliko wote ni Charmander. Mchezo unasema ni mjusi, yaani reptilia, lakini ule moto wake unakumbusha hekaya ya kale ya Ulaya kwamba salamanda huishi motoni. Salamanda ni amfibia! Ngozi yake haina magamba na lazima ibaki na unyevu. Karibu na moto angekauka. Tatizo letu ni kwamba mtoto wa Uganda hawezi kumwona porini, maana Afrika salamanda wako kaskazini tu, kama Moroko na Algeria. Akiona picha ya mnyama mwenye miguu minne na mkia mrefu, ataandika mjusi, na mtihani hautamhurumia. Kwa hiyo mzoeze kuacha umbo na kuuliza kuhusu ngozi: ina magamba makavu, au ni laini yenye unyevu? Kisha aulize utotoni mnyama huyo anapumua kwa nini. Salamanda wengi huanza maisha majini wakiwa na matamvua. Mjusi huzaliwa na mapafu.

Swali la mayai usilitumie ndani ya mchezo. Humo hata Pikachu, anayefanana na panya, uzao wake huanguliwa kutoka kwenye yai. Kwa mayai, nendeni nyuma ya kabati mkatafute ya mjusi kafiri. Yana ganda gumu jeupe, tofauti kabisa na ute wa mayai ya chura, na mjusi huyo ni ndugu wa Treecko, Pokémon mwenye umbo la mjusi.

Squirtle, Pokémon wa umbo la kobe, ni rahisi, ilimradi mtoto ajue kwamba kobe hawezi kuvua gamba lake. Limeungana na mbavu na uti wa mgongo. Totodile naye ni mamba, hana ubishi. Mkipata nauli ya Entebbe, kwenye kituo cha wanyamapori mtamwona mamba wa kweli.

Aliyetushinda ni Bulbasaur. Mimi namweka kwa amfibia kwa sababu ya uso na mkao wake wa chura. Mpwa wangu anakataa: "Mjomba, chura gani ana meno?" Nimemweleza kwamba vyura wengi wana vijino vidogo kwenye taya la juu. Bado amemwandika upande wa reptilia.