Nilipoomba pesa yangu Maskati

Mdogo wangu, umeniuliza mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba Kiswahili kimejaa Kiarabu, kwa hiyo ukija huku Oman lugha haitakusumbua, na je, pesa zipo kweli? Nitakujibu yote pamoja, maana neno lililonitia aibu kuliko yote huku ni hilohilo pesa.

La lugha kwanza. Siku ya pili tangu nifike, kijana mdogo kuliko wewe alinikuta mlangoni akaniambia, "Marhaba." Nikanuna. Shikamoo sijampa, yeye ananiitikia! Kumbe kwao ndiyo salamu yenyewe, ya kumkaribisha mtu. Halafu kuna tafadhali. Sisi tunaitumia kuomba, wao "tafaddal" huisema anayetoa: anakunyoshea kikombe cha kahawa, anakupisha mlangoni. Mzee mmoja aliniambia hivyo, nikabaki namtazama nikijiuliza ananiomba nini, kahawa inapoa mkononi mwake. Na ukisikia barabarani unaitwa "rafiq", usifurahi haraka. Mara nyingi ndivyo anavyoitwa kibarua wa Kihindi au wa Kibangladeshi ambaye hakuna aliyejali kumuuliza jina.

Sasa pesa. Mwezi wa kwanza mshahara ulichelewa. Nilikwishasikia watu wakitaja baisa, nikajua hiyo ni pesa tu, nimeipata. Nikamwendea msimamizi na Kiarabu changu cha kuokoteza: nataka baisa yangu. Akatia mkono mfukoni, akanipa sarafu moja ya baisa 50. Ghala zima likaangua kicheko. Baisa ni chenji, kaka, 1,000 ndizo zinazofanya riali moja. Wakitaka kusema hela kwa jumla hulitia neno katika wingi, nami nilikuwa nimeomba kimoja.

Lakini ukoo sikuukosea. Baisa na pesa zote ni paisa ya Wahindi, sarafu ndogo ya rupia, na rupia ilizunguka bahari hii nzima. Hapa Oman waliitumia mpaka 1970 walipotoa riali yao. Kwetu Mjerumani alikuwa na rupia yake ya pesa 64, hadi 1904 alipoigawa upya kuwa heller 100. Ile "sina hela" ya bibi ilitoka hapo! Na heller yenyewe imeitwa kwa jina la mji wa Hall, huko Ujerumani, ambao bibi hakuwahi kuusikia. Fedha nayo ni ya Waarabu, ila kwao ni madini: nenda soko la Matrah ukaulize fedha, utaonyeshwa majambia na bangili. Yaani sisi tumeokota sarafu ndogo ya Mhindi na ya Mjerumani, tukazifanya jina la utajiri wote.

Basi, zipo? Riali moja ni zaidi ya dola mbili na nusu, kwa hiyo nikiwaambia napata 130 nyumbani mnapiga hesabu na kushangilia. Hamhesabu kitanda ninachokilipia katika chumba cha watu wanne, chakula, nauli, wala deni la tiketi lililonichukua miezi tisa kulimaliza. Ninachotuma ndicho kilichobaki. Nikisema mwezi huu sina, mwambie mama sifichi kitu.

Ukiamua kuja, sikukatazi. Ila mkataba tafuta mtu akusomee neno kwa neno kabla ya kutia sahihi. Wangu ulikuwa wa Kiarabu. Herufi nazijua tangu madrasa, nikapitisha kidole juu ya maneno, nikafika kwenye "ratib". Nikasema aa, hii ratiba ya kazi, nitaiangalia nikifika. Nikatia sahihi. Ratib ni mshahara, na kiasi kilichoandikwa mbele yake hakikuwa kile alichonitajia wakala tulipokuwa Tanga.