Mungu ni Mmoja, Lakini Yupi?

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Unaitazamaje dini ya jirani yako, na unadhani yeye anaitazamaje ya kwako?" Nadhani wengi watakaowaandikia watajibu kwa maneno matatu ambayo sote tumeyazoea tangu utotoni, kwamba Mungu ni mmoja. Mimi pia nimeyasema maneno hayo mara nyingi, kwenye harusi, kwenye misiba na kwenye vikao vya mtaa, na sina ugomvi nayo. Ila kwa muda sasa yamekuwa yakinitia mashaka, kwa sababu nimegundua kwamba Mwislamu na Mkristo wanaweza kuyatamka kwa pamoja wakiwa wamekaa kwenye mkeka mmoja, kila mmoja akimaanisha lake, na wakaagana wakiamini kwamba wamekubaliana. Mtanivumilia nikianza na habari ya mbuzi.

Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Ujiji, na sasa naishi Mwanga hapa Kigoma mjini. Marehemu baba alikuwa Mmanyema. Marehemu mama alikuwa Muha wa Heru Juu, Kasulu. Alibatizwa Mkatoliki akiwa mtoto na akasilimu alipoolewa. Kwa hiyo wajomba zangu wote ni Wakristo, na mkubwa wao amekuwa katekista kwa zaidi ya miaka 30. Tangu nilipotimiza miaka 18, karibu kila Krismasi napanda basi la asubuhi kwenda Kasulu, na kazi ninayoitiwa ni moja: kumchinja mbuzi wa sikukuu ambayo si yangu.

Kazi yenyewe haichukui muda mrefu. Mbuzi hulazwa ubavu wa kushoto na shingo yake ikaelekezwa Kibla, ambacho kwa sisi watu wa Kigoma kiko kaskazini kikipinda kidogo kwenda mashariki, yaani upande lilipo banda la kuku la mjomba. Mtoto mmoja wa mjomba hushika miguu, mwingine husimama na ndoo ya maji. Nasema "Bismillahi, Allahu Akbar", napitisha kisu nilichokinoa usiku uliotangulia, bila kukiinua, hadi koromeo, umio na mishipa miwili ya shingo iwe imekatika, kisha nakaa pembeni kusubiri mnyama atulie kabisa, maana kuanza kuchuna kabla hajakata roho ni makosa. Baada ya hapo mkaza mjomba hunimiminia maji ya kunawa, na nyama inakuwa ya kila mtu: ya wanakwaya watakaopita baada ya misa, ya mafundi na majirani Waislamu wa barabara ya chini, na ya padri akibahatika kufika.

Mgeni akiona hivyo hufurahi sana na kupiga picha. Ana haki ya kufurahi, kwa kuwa jambo analoliona ni la kweli na si la maonyesho. Lakini yuko mtu mmoja ambaye amewahi kuuliza swali lililonikosesha usingizi: kwa nini nichinje mimi, mtoto wa dada, na si mjomba mwenye mbuzi wake, mwenye kisu chake, na mwenye sikukuu yake?

Jibu la haraka ni kwamba Waislamu hawali kilichochinjwa na asiye Mwislamu. Jibu hilo halijakamilika. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 5, Qur'ani inasema wazi kwamba chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwetu na chakula chetu ni halali kwao, na wanazuoni wengi wameifahamu aya hiyo kuwa inahusu hasa vichinjwa vya Wayahudi na Wakristo, mradi wamechinja kama inavyotakiwa. Kwa nini basi mjomba asichinje? Kwa sababu sisi wa ukanda huu tunafuata zaidi madhehebu ya Imamu Shafi, na wanazuoni wa madhehebu hayo waliweka sharti gumu: mtu ambaye si wa ukoo wa Israeli hahesabiwi katika watu wa Kitabu mpaka ijulikane kwamba wazee wake waliingia katika dini hiyo kabla haijafutwa na kubadilishwa. Kwa sharti hilo, Muha aliyepata Ukristo kwa wamisionari hayumo. Nilifundishwa hili madrasa nikiwa kijana, na katika miaka yote niliyokula wali wa mkaza mjomba sijawahi kumweleza mjomba kwamba, kwa mujibu wa kitabu nilichosomeshwa, yeye katekista si mtu wa Kitabu, na mbuzi akichinjwa na yeye ni kibudu. Yeye ananiita kwa heshima, na mimi naitika nikiwa na hukumu juu yake niliyoificha mfukoni.

Sisemi haya ili kuidharau elimu ya wazee wetu. Nasema tu kwamba adabu tunayojivunia imesimama juu ya jambo ambalo upande mmoja haujaambiwa, na gharama ya adabu hiyo hulipwa zaidi na upande huohuo. Tunaketi mezani kwao kwa masharti yetu. Inapotokea mtu akachoka kulipa, mambo huharibika upesi. Mwezi wa Februari 2013, kule Buseresere katika Mkoa wa Geita, ugomvi wa nani ana haki ya kuchinja nyama ya buchani ulifika hadi mchungaji mmoja kuuawa. Tulioisikia habari hiyo tukiwa Kigoma tulisema kwa kujiamini kwamba huku kwetu haliwezi kutokea. Mimi sikuwa na uhakika huo, kwa sababu nilijua jinsi tulivyonyamaziana.

Aliyeniuliza swali nililolitaja ni mtoto wa mwisho wa mjomba. Alisoma mjini, akaokoka, akaacha Ukatoliki wa baba yake na kujiunga na kanisa la kilokole. Krismasi moja, miaka michache iliyopita, nyama ilipopakuliwa alisukuma sahani yake taratibu na kusema hataila. Mkaza mjomba alidhani anaumwa. Akajibu kwa heshima, lakini bila kuzungusha, kwamba mnyama yule ametajiwa jina ambalo yeye halijui, na Mtume Paulo amewaambia Wakorintho kwamba mtu akielezwa kuwa kitu kimetolewa sadaka, asile. Mjomba, ambaye Biblia ameishika tangu kabla kijana hajazaliwa, alimkumbusha kwamba katika sura hiyohiyo ya 10, aya tatu tu nyuma, Paulo anawaambia wale kila kiuzwacho sokoni bila kuulizauliza. Meza nzima ilinyamaza. Kusema kweli niliumia, na nilitamani basi la kurudi Kigoma liwepo usiku uleule.

Baada ya chakula kijana alinifuata nje.

"Kaka, usinichukie," alisema. "Mimi nataka kujua tu. Unapochinja unasema nini?"

Nikamwambia: kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mungu ni Mkubwa.

"Mungu yupi?"

Katika miaka yangu yote ya kwenda Kasulu hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Mjomba hakuuliza kwa sababu ya upendo, mimi sikueleza kwa sababu ya aibu, na aliyeuliza ni yule ambaye wote tulimwona mkorofi. Tulikaa kwenye gogo nyuma ya jiko mpaka umande ulipoanza kushuka, na mazungumzo yale ndiyo yaliyonifunza ninachotaka kuwajibu, kwamba Mwislamu na Mkristo hawatazamani kutoka mahali pamoja.

Mimi Mwislamu ninaukuta Ukristo ndani ya Kitabu changu. Bibi Maryamu ana sura iliyoitwa kwa jina lake, Nabii Isa ametajwa mara nyingi, na Sura ya Al-Ankabut, aya ya 46, inaniamrisha nisijadiliane na watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo bora, na niwaambie kwamba Mungu wetu na Mungu wao ni Mmoja. Kitabu hichohicho, katika Sura ya An-Nisaa, kinawakataza kusema "watatu". Kwa hiyo najihisi naujua Ukristo tayari, na sioni haja ya kumwuliza Mkristo anaamini nini; nikimsikiliza ni kama mwalimu anayesahihisha daftari. Binamu yangu hali yake ni kinyume. Biblia yake ilikamilika karne nyingi kabla ya Uislamu kuwapo, haisemi chochote juu ya Mtume Muhammad, na hivyo kwake dini yangu ni mgeni aliyefika baada ya mlango kufungwa. Mimi nadhani namjua bila kumwuliza, yeye hakuona sababu ya kunijua.

Naona hapo ndipo ilipochipukia mihadhara ile ya mlingano wa dini iliyojaza viwanja vya nchi hii miaka ya 1980 na 1990, na ambayo baadhi ya wahubiri wake waliovuma walitokea hapa kwetu Ujiji. Wahubiri Waislamu walipanda jukwaani wakiwa na Biblia mkononi, wakisoma sura na aya kwa kichwa. Niliihudhuria nikiwa kijana na niliifurahia kama mtu anavyofurahia mpira. Leo nikiikumbuka, naona tulikwenda kushangilia magoli, na sikumbuki hata siku moja niliyotoka pale nikiwa nimemwelewa Mkristo zaidi kuliko nilivyoingia.

Upande wa Wakatoliki, mjomba hunitajia tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la mwaka 1965 kuhusu dini zisizo za Kikristo, lililosema kwamba Kanisa linawaheshimu Waislamu wanaomwabudu Mungu mmoja. Ni tamko zuri na amelifundisha kwa moyo. Siku moja aliniletea tafsiri yake niisome, nikaona kwamba limemtaja Ibrahimu, limemtaja Yesu na Mama yake, limetaja sala, sadaka na kufunga, lakini Mtume wetu halikumtaja hata mara moja. Nilipomwonyesha, mjomba alivua miwani, akaisoma tena, akasema, "Kweli, mpwa wangu. Hapo walinyamaza." Nilimpenda zaidi kwa jibu lile kuliko angenitetea tamko.

Yako pia mambo ya kale ambayo hatukuyachagua. Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la Mapadri Weupe, walifika Ujiji mwanzoni mwa mwaka 1879, miezi michache baada ya wale wa London Missionary Society, na mji walioukuta ulikuwa mikononi mwa wafanyabiashara Waislamu, biashara ya watumwa ikiendelea. Watoto waliokombolewa utumwani walikuwa miongoni mwa waumini wao wa kwanza. Haishangazi kwamba Ukristo wa ziwa hili ulianza kwa kuutazama Uislamu kama dini ya mwenye minyororo, wala haishangazi kwamba wazee wetu wa Ujiji, Wajerumani walipokuja na bunduki, waliutazama Ukristo kama dini ya mwenye bunduki. Mitazamo hiyo yote miwili bado ipo, na huiona ikichungulia pale watu wanapokasirika.

Nirudi kwenye gogo la nyuma ya jiko. Mimi na binamu tulitofautiana karibu katika kila kitu, na tulitofautiana vizuri, hadi alipotaja bibi yetu, yule aliyewazaa mjomba na mama yangu. Bibi alibatizwa, alivaa rozari, lakini alikuwa na kibanda kidogo cha nyasi nyuma ya nyumba, na kila pombe ya ndizi ilipoiva alipeleka kibuyu kidogo pale kwa ajili ya waliotangulia. Binamu akasema huo ni ushirikina. Nikasema naam, ni ushirikina. Yalikuwa makubaliano yetu ya kwanza usiku ule, na yalikuja kwa urahisi ulionishtua. Sisi wawili tuliokuwa tukipimana kila neno tulimhukumu bibi kwa sekunde moja, naye hayupo kujitetea. Angalieni hata lugha yetu: mtu anayefuata mila za wazee wake huwa hatusemi ana dini nyingine, tunasema "hana dini". Katiba yetu, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani, lakini sijawahi kuona mkutano wa viongozi wa dini hapa mkoani ambapo mzee wa mila amepewa kiti cha mbele.

Kisha binamu akauliza bibi alikuwa anamwitaje Mungu. Nilijua, kwa sababu mama alilichukua neno hilo hadi Ujiji, akalisema katikati ya dua zake za Kiislamu mpaka siku ya kufa kwake: Imana. Alipochoka, alipopata habari mbaya, alipotupakulia ugali wa muhogo na migebuka, ilikuwa Imana. Binamu akanyamaza, kisha akasema kwamba baba yake pia, akiwa peke yake shambani, husema hivyohivyo.

Sikuwa na la kuongeza, naye hakuwa nalo. Tuliingia ndani kulala.

Tangu mwaka ule pale kwa mjomba huchinjwa mbuzi na jogoo. Mbuzi ni wangu, jogoo ni wa binamu, na mkaza mjomba hupika kwenye sufuria mbili huku akilalamika juu ya kuni. Kitabu changu cha madrasa nimekwisha mweleza mjomba. Alicheka, kisha hakucheka, kisha akaniuliza ni nani aliyejua wazee wake waliingia lini katika dini. Swali hilo nimelipeleka kwa sheikh wangu na bado tunalizungumza. Juzi binamu amepiga simu kunijulisha kwamba mbuzi wa mwaka huu ameshanunuliwa, ila anaomba nifike siku moja kabla, kwa kuwa amesoma habari za Nabii Isa katika tafsiri ya Qur'ani niliyompa na ana maswali yake. Nami ninayo yangu, juu ya Utatu, nimeyaandika kwenye karatasi ili nisiyasahau. Nimemwambia nitapanda basi la tarehe 23, na kisu nitakuja nacho.