Kumkaribia Elki kwa Upinde: Maswali ya Wasomaji

Barua kadhaa zilizotufikia kuhusu msimu wa upinde wa Septemba, huko magharibi mwa Marekani, zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mwindaji afanye nini ili amfikie elki, mnyama wa jamii ya kulungu ambaye dume lake lililokomaa hufikia kilo 300 hivi, akiwa karibu kiasi cha kuachia mshale bila kubahatisha. Tumechagua nne.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Colorado na ninawinda elki kwa upinde. Kuwaona si tatizo kwangu, kwa kuwa alfajiri nawasikia madume wakilia na nawaona kwa darubini wakiwa bondeni. Tatizo ni kwamba nikishafika kama mita 80 kundi lote linaondoka, wakati nina hakika kuwa sikuonekana wala sikupiga kelele. Nguo zangu ni za madoa ya rangi za msituni, na ninajipulizia dawa ya kuondoa harufu. Nakosea wapi?

JIBU: Maelezo yako yamebeba jibu. Elki akikuona husimama na kukukazia macho, pengine hata akapiga hatua moja kukusogelea ili ahakikishe. Akikusikia hugeuza masikio na kusubiri. Lakini akikunusa haulizi swali la pili. Kundi linaloondoka lote kwa mkupuo, bila kusitasita, limekunusa. Nguo za madoa zimesifiwa kuliko zinavyostahili, na ile dawa hupunguza harufu bila kuimaliza, kwa sababu mtu anayepanda mlima hutoka jasho na kuhema, na pumzi haina dawa.

Katika Milima ya Rocky hewa ina ratiba yake, na ni ratiba hiyo, zaidi ya nyayo au milio, ambayo mwindaji wa upinde anapaswa kuijifunza kwanza. Usiku na alfajiri hewa iliyopoa huwa nzito, ikashuka kwa kufuata makorongo kama maji yanavyoyafuata. Jua likishaupiga mteremko, hewa hupata joto, huwa nyepesi na kuanza kupanda. Jioni, kivuli kinapoufunika mteremko huohuo, hurudi kushuka. Mteremko unaotazama mashariki hubadilika mapema kuliko ule unaotazama magharibi au kaskazini, kwa hiyo inawezekana kabisa hewa iwe inapanda upande mmoja wa bonde huku bado inashuka upande wa pili. Kati ya vipindi hivyo kuna muda ambao hewa huzungukazunguka bila mwelekeo, na muda huo ni wa kukaa chini na kungoja, hata kama dume analia mbele yako.

Sasa linganisha ratiba hiyo na mwenendo wa elki. Usiku hula kwenye nyasi za maeneo ya wazi, na kunapopambazuka hupanda kwenda kulala ndani ya msitu mnene, mara nyingi kwenye miteremko inayotazama kaskazini ambako kuna kivuli na ubaridi. Wewe unawaona bondeni, unawafuata kwa nyuma, na mwanzoni mambo yanakwenda vizuri kwa kuwa hewa inashuka kutoka kwao kuja kwako. Wao hupanda haraka kuliko wewe hata wanapotembea tu. Unapoanza kuwakaribia, jua limekwisha kuwaka, hewa imegeuka, na harufu yako inakutangulia mlimani. Nadhani huo ndio ukuta wa mita 80 unaokutana nao kila asubuhi.

Kwa hiyo acha kuwafuata kwa nyuma. Ukishajua wanakoelekea, pandia kando yao, ukiwa upande wa pili wa mgongo wa kilima ili ardhi yenyewe ikufiche, hadi uwe nao kimo kimoja au juu yao kidogo. Kisha subiri hadi hewa itulie katika kupanda, ndipo uwaingilie kwa ubavu au kutoka juu. Jioni ni kinyume chake: hewa ikianza kushuka, uwe chini yao na kando ya njia watakayoteremkia. Beba kichupa cha unga mwepesi wa kuonyesha hewa inakoelekea, na ukibonyeze mara kwa mara, lakini usiishie kutazama unga unapotokea mkononi. Kifuate kwa macho kile kiwingu cheupe mpaka kipotee, maana mara nyingi huenda mbele hatua chache, kikafika ukingo wa korongo, kikasita, kisha kikageuka na kurudi kilikotoka. Mgeuko mdogo kama huo, ambao shavu lako haliwezi kuuhisi, unatosha kuwapelekea elki habari zako.

Upepo ukikukatalia, rudi ulikotoka. Kundi ambalo halikushtuliwa lina nafasi kubwa ya kukutwa katika eneo lilelile kesho yake, ilhali lililonusa mtu linaweza kuhamia bonde la pili na lisirudi kwa siku kadhaa.

SWALI: Nimejifunza kuiga sauti ya jike, na madume hunijibu vizuri. Lakini dume akishafika umbali wa mita 60 au 70 husimama nyuma ya miti, hulia, hunisubiri, kisha huenda zake. Kwa nini hamalizii safari?

JIBU: Kwa sababu, kwa hesabu zake, safari ameimaliza. Katika msimu wa kupandana, ambao hupamba moto kuanzia katikati ya Septemba, dume hulia ili majike wajue alipo, na jike aliye tayari huenda kwake. Anapokusogelea anatoa zaidi ya anavyodaiwa, na akifika mahali ambapo anaamini kuwa angepaswa kumwona jike huyo, husimama atazame. Asipoona kitu hana sababu ya kuendelea. Kosa, basi, haliko katika sauti yako. Liko mahali ulipokaa ulipoitoa.

Usiitie ukiwa mwisho wa uwanda wa wazi au mbele ya msitu mwembamba unaompa nafasi ya kukagua kwa mbali. Chagua mahali ambapo sauti inatoka nyuma ya kijituta, kichaka kizito au kona ya njia, ili dume atakapofika pa kuona, awe tayari yuko ndani ya umbali wa mshale. Mkiwa wawili kazi hurahisika sana: anayeita akae nyuma ya mpigaji kwa mita 40 hadi 60, na mpigaji asikae kwenye mstari ulionyooka kati ya sauti na dume, bali asogee upande ule unaoelekewa na upepo. Dume mwenye tahadhari haji moja kwa moja. Huzunguka ili ainuse ile sauti kabla ya kuiamini, na mzunguko huo ndio unaompitisha mbele ya mpigaji. Akisita, anayeita arudi nyuma taratibu huku akiendelea kuita, akivunja kijiti hapa na kukwaruza gome la mti pale, kama jike anayeondoka. Mara nyingi dume aliyekataa kusogea kwa kubembelezwa husogea kwa kuona anaachwa.

Ukiwa peke yako, ita, kisha usogee mbele na pembeni hatua 20 au 30 kabla dume hajafika, ili macho yake yawe kwenye sauti ya awali na si kwako.

Kuhusu kuiga mlio wa dume, wengi huutumia mapema mno. Dume mwenye majike wake, akisikia mpinzani aliye mbali, mara nyingi huwakusanya na kuwaondoa, kwa kuwa hana faida ya kupigana wakati anao tayari. Mlio huo una nguvu pale tu unapokuwa umekwisha kuingia karibu, mita 100 au pungufu, ambapo kwake ni uchokozi mlangoni mwake. Kabla ya hapo funga mdomo, na umwache yeye akuelekeze kwa kelele zake.

SWALI: Mara zote ninapofanikiwa kumleta dume karibu, huniona ninapovuta upinde. Je, nivute mapema zaidi? Na rafiki yangu anashikilia kuwa upinde wa kisasa unaruhusu kupiga kutoka mita 60, hivyo sina haja ya kumsogeza zaidi. Ni kweli?

JIBU: Macho ya elki yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona eneo pana sana bila kugeuka. Katika kutofautisha rangi, hasa nyekundu na ya machungwa, ni dhaifu kuliko sisi, lakini kitu kinachojongea hakimpiti. Vuta upinde wakati jicho lake limefichwa, yaani linapopita nyuma ya shina la mti au wakati kichwa kimeinama nyuma ya kichaka. Hapa ndipo maandalizi yanapolipa: mara tu unapochagua mahali pa kusimama, hesabu miti ambayo dume atalazimika kupita nyuma yake, pima umbali wa kila mmoja, na amua mapema utavuta upinde atakapopita nyuma ya mti upi. Upinde wa kapi, yaani ule wa kisasa wenye vigurudumu kwenye ncha zake, hupunguza uzito mkononi ukishavutwa hadi mwisho, hivyo waweza kuushikilia kwa muda akitokea upande wa pili. Mwenye upinde wa asili hana nafasi hiyo na inambidi angoje zaidi. Dume akitembea bila kusimama, toa sauti fupi na laini ya jike, naye kwa kawaida atasita.

Simama mbele ya kichaka au mti, si nyuma yake. Wanaoanza huona ajabu, lakini ukiwa nyuma ya mti utalazimika kuchungulia na kuegemea pembeni ili upige, na huko kuegemea ndiko kunakoonekana. Ukiwa mbele yake, kivulini, mgongo wako unamezwa na giza la nyuma na mikono iko huru. Wala usihofu kila kijiti kinachovunjika chini ya kiatu, kwa kuwa elki nao hutembea kwa kelele. Sauti ya chuma, ya plastiki au ya kitambaa kigumu kinachokwaruza matawi ndiyo isiyo na maelezo msituni. Na usimsahau jike: huku wewe umemkodolea dume mwenye pembe, jike mkongwe aliye kando anakutazama wewe, na akibweka mara moja, kundi zima huinua vichwa.

Kuhusu mita 60, sikubaliani na rafiki yako. Mshale wa upinde wa kapi huenda takriban mita 80 au 90 kwa sekunde, wakati sauti ya upote huenda mita 340 hivi, maana yake ni kwamba mnyama husikia kabla mshale haujafika. Kwa mita 60 mshale unahitaji kama theluthi mbili za sekunde, na muda huo unamtosha elki kupiga hatua moja, kiasi cha mshale uliolengwa mapafuni kuingia tumboni. Kupiga shabaha ya mazoezi kwa umbali huo ni ustadi wa kupongezwa, lakini shabaha haitembei. Kwa watu wengi mita 30 ni mpaka wa busara, na mnyama awe amesimama ubavu au amegeuka kidogo kuelekea mbali, ili mshale upite nyuma ya bega na kufika mapafuni bila kukutana na mfupa mzito. Akikuelekea kifua kwa kifua, mwache ageuke, hata kama kumwacha ni kumkosa. Na ukishapiga, keti nusu saa angalau kabla ya kufuata damu; ukishuku kwamba mshale umeingia nyuma ya mbavu, ngoja saa nyingi zaidi, kwa sababu mnyama asiyefukuzwa hulala karibu.

SWALI: Mwaka huu ninahamia Wyoming. Mbinu hizi za kuita zinabadilika?

JIBU: Kwa upande wa elki, hapana. Kwa upande wako, ndiyo, kwa kuwa kaskazini-magharibi mwa Wyoming, kama ilivyo katika sehemu za Montana na Idaho, kuna dubu wakubwa aina ya grizli, na mtu anayeiga sauti ya jike huku amejificha, amekaa kimya na upepo unamjia usoni, ametimiza kila sharti la kumshtukiza dubu au kumwalika. Anayeita na akae akiwa ameegemea mti mkubwa ili asifikiwe kwa nyuma, na kila mmoja awe na mkebe wa pilipili ya kumfukuzia dubu ukiwa kiunoni au kifuani, mahali ambapo mkono unaufikia bila kutafuta. Uliomo ndani ya mkoba wa mgongoni hauna kazi. Ukimpata elki, mpasue na kumwondoa siku hiyohiyo ikiwezekana, nyama itundikwe mbali na matumbo, na ukilazimika kuiacha hadi kesho, ichague sehemu utakayoweza kuikagua kwa darubini kutoka mbali kabla ya kuirudia.